Kupauka si Kutakata

Kuna swali ambalo muuza kanga yeyote, awe Kariakoo, Mombasa au Darajani Unguja, ameshaulizwa mara zisizohesabika: "Hii haichuji?" Mteja ameshaupenda mji na pindo, ameshalisoma jina na kulicheka kimoyomoyo, bei wameshaanza kuelewana. Limebaki hilo moja tu. Muuzaji ataapa kwamba haichuji. Mteja mzoefu hatajisumbua na kiapo. Ataloweka ncha ya kitambaa, atasugua kwa kitambaa cheupe, kisha ataangalia kidole.

Swali hilo lina historia, na nimekuwa nikiifuatilia kwa muda sasa. Inapita kwenye malaria, kwenye utumwa, kwenye mkutano wa Berlin uliotugawa, na kwenye mito kadhaa iliyokufa. Kwa miaka mia moja na zaidi wanakemia walihangaika kutengeneza rangi isiyotoka kwa maji wala kupauka kwa jua. Wakafaulu. Halafu rangi hiyo hiyo ilipofika mtoni ikagoma kuondoka, na sasa wajukuu wao kitaaluma wanahangaika kutafuta namna ya kuipausha. Chombo wanachokitegemea ni unga mweupe na mwanga wa jua.

Tuanzie kwetu. Kabla ya katikati ya karne ya 19, karibu rangi zote za nguo duniani zilitoka kwa mimea, wadudu, konokono wa baharini na madini. Buluu ilikuwa ya nili, na nili iliyotamba sokoni ilitoka Bara Hindi. Pwani ya Afrika Mashariki iliifahamu kupitia kaniki, kitambaa cha pamba kilichochovywa kwenye nili mpaka kikakaribia kuwa cheusi. Pembeni yake kulikuwa na merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Jina lenyewe linakueleza ilikotoka. Merikani na kaniki yalikuwa mavazi ya kazi na ya ufukara, na Unguja yalikuwa pia mavazi ya watumwa. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics, ameonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoacha kaniki na kujifunga kanga zenye rangi na maua, wakitangaza kwa nguo kwamba mambo yamebadilika.

Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba naandika kuilaani rangi. Mtu aliyelazimishwa kuvaa kitambaa kimoja cha giza maisha yake yote, akapata kanga nyekundu ya kwake, ana haki ya kuuliza kama itachuja. Alikuwa anauliza kama hadhi yake mpya itadumu baada ya kufuliwa mara tatu.

Amri ya kufuta hali ya utumwa kisheria Unguja ilitolewa mwaka 1897. Mwaka huo huo, kampuni ya BASF ya Ujerumani iliingiza sokoni nili ya kiwandani. Adolf von Baeyer alikuwa ameitengeneza maabara mwaka 1880, lakini kuipata kwa bei ya kushindana na shamba kulichukua miaka 17 zaidi. Ndani ya muda mfupi kilimo cha nili cha Bengal na Bihar kilianguka. Gandhi alipokwenda Champaran mwaka 1917, alikuta wakulima bado wanabanwa na mabwana shamba wa zao ambalo kemia ilikuwa imeshalipiku.

Hata hivyo nili haikuwa rangi ya kwanza kutoka kiwandani. Ya kwanza ilipatikana kwa bahati, na aliyeipata alikuwa anatafuta dawa ya malaria.

Mwaka 1856, William Henry Perkin alikuwa kijana wa miaka 18, mwanafunzi wa August Wilhelm Hofmann katika Chuo cha Kifalme cha Kemia, London. Hofmann alikuwa amedokeza kwamba huenda kwinini ikaweza kutengenezwa kutokana na lami ya makaa ya mawe, takataka iliyokuwa imejaa kwenye viwanda vya gesi. Uingereza ilikuwa na himaya yenye mbu wengi, na kwinini ya magome ya mti ilikuwa ghali. Wakati wa likizo ya Pasaka, Perkin alijaribu nyumbani kwao. Hakupata kwinini. Alipata tope jeusi. Alipokuwa akisafisha chupa kwa spiriti, tope likatoa rangi ya zambarau.

Wengi wangemwaga. Perkin alichovya hariri. Kisha akatuma sampuli kwa wapaka rangi wa Perth, Uskochi, na jibu alilopewa ndilo linalonivutia kuliko tukio lenyewe la chupa. Walimwambia kwamba kama haitapandisha mno bei ya nguo, uvumbuzi wake una thamani kubwa, kwa sababu zambarau imara kwenye hariri ilikuwa haipatikani. Kumbe hata Uskochi swali lilikuwa lile lile la Kariakoo. Mwezi Agosti alisajili hataza, na mwaka uliofuata, kwa fedha za baba yake, akafungua kiwanda Greenford, kando ya mfereji. Huko bado inasimuliwa kwamba maji ya mfereji yalikuwa yakibadilika rangi kulingana na kilichokuwa kikipikwa kiwandani wiki hiyo. Simulizi za mtaani zina chumvi yake, lakini hii inasema jambo la kweli: rangi ya viwandani ilizaliwa kando ya maji, na tangu siku za mwanzo mabaki yake yalikuwa na pa kwenda.

Baada ya Perkin, milango ilifunguka. Peter Griess alikuwa ameshaonyesha mwaka 1858 mbinu iliyozaa kundi kubwa kuliko yote, rangi za azo. Hizi ni molekuli zenye atomi mbili za nitrojeni zilizoshikana katikati kama daraja, huku na huko kukiwa na pete za kaboni. Badilisha pete, unapata njano, chungwa, nyekundu, kahawia au nyeusi. Hadi leo zaidi ya nusu ya rangi za viwandani ni za ukoo huu.

Mmoja wa wanaukoo anatuhusu kwa jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 mkemia Mjerumani, Paul Böttiger, alitengeneza rangi nyekundu iliyoshika pamba moja kwa moja, bila dawa ya kuishikiza kama ilivyokuwa lazima hapo nyuma. Kampuni ya AGFA ya Berlin ikainunua hataza. Wakati huo Berlin yote ilikuwa ikizungumzia Mkutano wa Afrika Magharibi, uliofunguliwa Novemba 1884 na kufungwa Februari 1885, ambapo mataifa ya Ulaya yaliweka kanuni za kugawana bara, na Leopold wa Ubelgiji akaondoka na Kongo. Rangi ikapewa jina: Nyekundu ya Kongo. Haikutoka Kongo, haikuwa na malighafi ya Kongo, wala hapakuwa na Mkongo aliyeulizwa. Jina lilikuwa kwenye magazeti na lilikuwa linauza. Ukijua yaliyofuata Kongo chini ya Leopold, huwezi kulisikia jina hilo bila kuona nyekundu ya aina nyingine.

Nyekundu ya Kongo yenyewe, kwa kweli, ilikuwa inachuja. Ikiguswa na asidi inageuka buluu, ndiyo maana ikaishia zaidi maabara kama kipimo kuliko kwenye nguo. Lakini ilifungua njia ya rangi nyingi za pamba zilizojengwa kwa kiungo kile kile cha katikati kiitwacho benzidini. Tulishike jina hili, nitalirudia.

Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, aliripoti kwamba amekuta uvimbe wa kibofu cha mkojo kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Ilikuwa dalili ya mapema kwamba rangi zina upande wa pili. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulielekeza kidole kwa kemikali za familia ya amini, na benzidini ikathibitika kuwa inasababisha saratani ya kibofu kwa binadamu. Katika karne ya 20, nchi moja baada ya nyingine zikaacha kuitengeneza, na Umoja wa Ulaya mwaka 2002 ukapiga marufuku nguo zenye rangi za azo zinazoweza kuvunjika na kutoa amini za namna hiyo. Angalia neno hilo: kuvunjika. Rangi ikiwa nzima inaweza kuwa na nafuu. Ikivunjwa nusu, ndipo kilichofichwa ndani kinapotoka.

Sasa turuke mpaka mwaka 1956, miaka 100 kamili baada ya Perkin. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilitoa rangi zilizoitwa Procion, kazi ya Ian Rattee na William Stephen. Hapo ndipo swali la "haichuji?" lilipopata jibu la kikemia. Rangi za zamani zilijishika kwenye uzi kama vumbi kwenye mkeka, au zilijificha ndani ya nyuzi. Hizi mpya zilifunga ndoa na pamba, kwa kifungo kile kile kinachoshika atomi ndani ya molekuli. Ukifua, hutoi rangi mpaka uvunje uzi. Nguo zenye rangi kali unazoziona kila mtumba unapofunguliwa ni watoto wa ugunduzi huo.

Tatizo ni kwamba rangi hizi zinaweza kufunga ndoa na maji pia. Ndani ya pipa la kuchovyea, molekuli nyingi hukutana na maji kabla hazijakutana na pamba, na zikishaungana na maji hazina tena mkono wa kushikia uzi. Zinabaki zikielea, na zinamwagwa. Katika rangi za aina hii, hasara inaweza kuanzia sehemu moja ya kumi na katika hali mbaya ikakaribia nusu. Tena ili rangi iende kwenye uzi, fundi huongeza chumvi nyingi, makumi ya gramu kwa kila lita. Kwa hiyo kinachotoka kiwandani ni maji ya moto, yenye magadi, yenye chumvi ya kukaribia bahari, na yenye rangi iliyobuniwa makusudi ili isiharibiwe na jua, sabuni wala jasho. Jicho la mtu huiona rangi ya namna hii hata ikiwa chini ya miligramu moja kwenye lita nzima.

Ukitaka kuona matokeo yake, nenda kwenye Mto Noyyal, jimbo la Tamil Nadu, India. Mji wa Tiruppur ulikua kwa kushona fulana za dunia nzima, na mamia ya karakana za kupaka rangi zikajipanga kandokando ya mto. Chini yake serikali ilijenga bwawa la Orathupalayam, lililokamilika mwaka 1992, ili wakulima wapate maji ya kumwagilia. Bwawa likajaa maji ya viwandani. Wakulima wenyewe ndio waliokwenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru karakana zisitoe hata tone la maji machafu mtoni, na Januari 2011, ilipoona amri haitekelezwi, ikaamuru zifungwe. Karakana zipatazo 700 zikasimama, na maelfu ya watu wakakosa kibarua. Hapo unaona ugumu wa jambo lenyewe: mkulima ana haki, na kijana aliyerudi kwao bila mshahara naye ana njaa.

Kwa nini maji hayo hayasafishwi kwa njia za kawaida? Mabwawa ya bakteria yametengenezwa kwa ajili ya uchafu unaolika, kama mabaki ya chakula na kinyesi. Rangi za kisasa hazijatengenezwa ziliwe. Mkaa maalumu huzinasa, lakini hapo umehamisha tu: rangi imetoka majini imeingia kwenye mkaa, na mkaa nao unahitaji pa kutupwa. Ukitumia dawa za kugandisha unabaki na tope la rangi. Kinachotakiwa ni kuivunja molekuli yenyewe mpaka mwisho, na hapo ndipo unga mweupe unapoingia.

Historia ya unga huo ilianza kama lawama. Mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vilianza kutumia titani dioksaidi kama rangi nyeupe ya kuta, badala ya ile ya risasi yenye sumu. Ilikuwa nyeupe ya kupendeza. Lakini kuta zilizopigwa na jua zilianza kutoa unga kama chaki. Ukipitisha kiganja, kinatoka cheupe. Na rangi nyingine zikichanganywa nayo zilipauka haraka. Kitu ndani ya ile nyeupe kilikuwa kinakula kilichoizunguka.

Mwaka 1938, Charles Goodeve na J. A. Kitchener wa London walilichunguza jambo hilo kwa makini. Walichukua rangi ya buluu ya nguo, wakaiweka pamoja na titani dioksaidi, wakaimulika kwa mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga isiyoonekana kwa jicho. Buluu ikapauka. Unga ukabaki kama ulivyokuwa, tayari kupausha nyingine. Kwa lugha ya darasani, unga ulikuwa kichocheo, na ufunguo wake ulikuwa mwanga. Kwa viwanda vya rangi hii ilikuwa habari mbaya. Dawa iliyokuja kuzoeleka ni kuivalisha kila chembe ya unga koti jembamba la silika au alumina ili isiguse kitu. Yaani dunia iligundua kisafisha rangi kinachotumia mwanga, ikakifunga mdomo.

Ilichukua miaka mingi kabla ya dunia kukiangalia upya. Akira Fujishima, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Tokyo chini ya Kenichi Honda, alitumbukiza kipande cha fuwele ya titani dioksaidi kwenye maji, akakiunga kwa waya na kipande cha platini, akakimulika. Vipovu vikatoka. Maji yalikuwa yanapasuliwa kuwa oksijeni na hidrojeni kwa mwanga. Makala yao ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1972, na mwaka uliofuata bei ya mafuta ilipopanda ghafla, dunia ikasikiliza: mafuta kutokana na maji na jua! Ndoto hiyo ilikwenda taratibu kuliko magazeti yalivyotaka. Lakini wengine waliona kwamba kitu chenye nguvu ya kupasua maji kinaweza kupasua uchafu uliomo ndani ya maji. Mwaka 1976 John Carey na wenzake wa Kanada walikitumia dhidi ya kemikali sugu za PCB. Mwaka 1977 Steven Frank na Allen Bard wa Texas walikitumia dhidi ya sayanidi. Katika miaka ya 1980 Ralph Matthews wa Australia alikuwa akivunja kemikali za kila aina, zikiwemo rangi.

Kinachotokea ni hiki. Mwanga wenye nguvu ya kutosha ukiipiga chembe ya unga, unairusha elektroni kutoka mahali pake. Nyuma linabaki tundu lenye njaa ya elektroni. Tundu linaipata kwa maji yaliyo jirani, na maji yaliyoporwa yanageuka kuwa radikali ya hidroksili, kitu kikali kinachoishi muda mfupi mno na kushambulia karibu kila chenye kaboni. Elektroni iliyorushwa nayo inachukuliwa na oksijeni ya hewani, ikazaa mshambuliaji wa pili. Hao wanaivamia molekuli ya rangi: daraja la nitrojeni linakatika, pete zinafunguka, vipande vinakatwa vidogo zaidi. Kazi ikienda hadi mwisho, kinachobaki ni maji, hewa ya ukaa na chumvichumvi. Hakuna tope wala mkaa wa kutupa.

Hapo lazima mtu aulize: basi mbona mito bado ina rangi? Ni swali zuri, na majibu yake hayana siri. Kwanza, titani dioksaidi huamshwa na mwanga wa urefu wa wimbi ulio chini ya nanomita 390 hivi, na mwanga huo ni takriban asilimia 5 tu ya jua linalotufikia. Pili, maji yenye rangi nzito huuzuia mwanga huo huo. Kadiri yalivyo machafu, ndivyo kichocheo kinavyobaki gizani. Tatu, unga wenyewe ni mwembamba ajabu, chembe za nanomita 20 hivi, na ukishaumwaga majini kuukusanya ni kazi. Ukiugandisha kwenye kioo, unapunguza eneo la kufanyia kazi. Nne, radikali haichagui. Maji ya kiwandani yana wanga, sabuni na chumvi, na kila kimoja kinamla mshambuliaji kabla hajaifikia rangi. Na ile chumvi nyingi niliyoitaja haivunjwi na kichocheo chochote, kwa sababu haina cha kuvunjwa. Tiruppur, ilipolazimika kusafisha, iliegemea kwenye vichujio vya shinikizo na mitambo ya kukausha maji, kwa gharama kubwa ya umeme.

Haya yote ni matatizo ya ufundi, na ufundi una subira. Kuna moja linalonisumbua zaidi, na hilo ni la maana ya maneno.

Maabara nyingi zinazojaribu vichocheo vya mwanga hutumia rangi moja ya majaribio, buluu ya methilini. Ina historia yake tamu. Heinrich Caro wa BASF aliitengeneza mwaka 1876. Mwaka 1891 Paul Ehrlich, pamoja na Paul Guttmann, waliwapa wagonjwa wa malaria, na ikawasaidia. Perkin alitafuta dawa ya malaria akapata rangi. Ehrlich alichukua rangi akapata dawa ya malaria. Leo buluu hiyo inapendwa maabara kwa sababu ni rahisi kununua na rahisi kupima. Unaweka kwenye maji safi yaliyokenekwa, unaongeza unga, unawasha taa, na kila dakika kadhaa unapima jinsi buluu ilivyopungua. Picha inayowekwa kwenye makala ni chupa tano zilizopangwa, kutoka buluu nzito hadi maji maangavu. Inavutia, na msomaji anaondoka akiamini kwamba maji yamesafika.

Lakini buluu ya methilini inaweza kupoteza rangi bila kuvunjika. Ikikosa oksijeni ya kutosha na kupewa elektroni, inageuka kuwa umbo lisilo na rangi. Molekuli bado ipo, nzima. Ingiza hewa, buluu inarudi.

Fundi wa batiki haoni ajabu katika jambo hili. Mama anayetengeneza batiki uani anachanganya rangi na kostiki soda na haidrosalfaiti, na ndani ya beseni rangi inabadilika au inafifia kabisa, hata mgeni akadhani imeharibika. Akikitoa kitambaa na kukitandaza kwenye upepo, rangi inajitokeza mbele ya macho. Nili nayo ilifanya hivyo kwa karne nyingi: kitambaa kilitoka chunguni na umanjano wa kijani, kikageuka buluu kwa kupigwa na hewa. Kwa mafundi hawa rangi kutoonekana hakujawahi kuwa na maana ya rangi kutokuwepo.

Na kwa rangi za azo hatari ni kubwa zaidi. Rangi yote ya Nyekundu ya Kongo inategemea yale madaraja ya nitrojeni. Yakikatika tu, wekundu unaisha na chupa inang'aa kwenye picha. Lakini yakikatwa kwa namna fulani, kama bakteria wasio na hewa wanavyofanya, kinachoachiliwa ni benzidini, ile iliyohusishwa na kibofu cha wafanyakazi. Kukata daraja ni mwanzo wa safari. Kufungua pete ndiyo kazi yenyewe, nayo huchukua muda mrefu kuliko kupoteza rangi. Ndiyo maana watafiti makini hawaishii kupima rangi. Wanapima jumla ya kaboni iliyobaki majini, wanatafuta vipande vilivyozaliwa njiani, wanaweka viumbe wadogo au mbegu ndani ya maji kuona kama zitaishi. Makala isiyo na vipimo hivyo imeonyesha kupauka. Haijaonyesha kutakata.

Sisemi kwamba njia hii ni bure. Nchi zetu zina jua la kutosha, na huko Almería, kusini mwa Hispania, tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakipitisha maji machafu kwenye mabomba ya kioo yaliyolazwa juu ya vioo vya kukusanya mwanga, na kazi inafanyika. Mahali pake pazuri ni mwishoni: kiwanda kipunguze kwanza rangi na chumvi inayomwagwa, bakteria wale wanachoweza kula, na maji yakishakuwa mepesi kiasi cha kupenya mwanga, kichocheo kimalizie. Ukikitaka kifanye kazi yote peke yake, utakiua na utakilaumu.

Wakati wa kukifunga, mwenye mradi aulizwe amepima nini. Nawaza Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Watafiti wameandika kwa miaka mingi kuhusu maji ya viwandani yanayoingia humo, na kuhusu mboga zinazolimwa kandokando. Mkulima anayechota maji ya kumwagilia mchicha hana maabara. Ana macho tu. Maji yakipita mekundu, anaweza kuweka ndoo chini na kusubiri yapite. Mtambo ukiyaondolea wekundu na kuacha sumu, atayaona maangavu, na atayachota.